Ngitili za Shinyanga: nani kasema cha wote hakina mwenyewe?

#1 Ng'wana Kishapu

Wakuu salaam.

Kila ikija mada ya malisho, msitu au bwawa la kijiji humu, hazipiti komenti tano kabla mtu hajaja na ile ya "cha wote hakina mwenyewe, bora wapewe wawekezaji". Waliosoma kidogo wanamtaja na Garrett Hardin, yule mwanabaiolojia wa Marekani aliyeandika mwaka 1968 juu ya uwanja wa malisho ulio wazi kwa kila mtu. Kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja, faida anakula peke yake, hasara wanagawana wote, mwisho majani kwisha. Hesabu yake inakubali. Ila huo uwanja hauna mtemi, hauna wazee, hauna mkutano wala faini. Wafugaji wenyewe hata hawasalimiani. Usukumani uwanja wa namna hiyo mimi sijauona.

Ngoja niwaletee ngitili. Kwa wasioijua, ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na hakuna mfugo unaokanyaga humo mpaka kiangazi kikolee, Julai au Agosti kwenda mbele. Nyasi zinakua, zinatoa mbegu, zinakauka palepale zikiwa zimesimama. Nje kukibaki vumbi na miba, ngitili inafunguliwa. Hawaingii wote. Wanatangulia ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa na maksai wa jembe, maana mvua za kwanza zikinyesha maksai aliyekonda hawezi kuvuta jembe, na nyumba hiyo mwaka huo italima kwa mkono. Tena hailiwi yote kwa mpigo. Kinaliwa kipande hiki hadi kiishe, ndipo mnahamia kile. Uzio hakuna. Mpaka ni njia ya ng'ombe, kichuguu, mstari wa minyaa na macho ya majirani.

Ziko za kaya au ukoo, na ziko za kijiji au taasisi kama shule. Tofauti hiyo ishikeni, nitairudia.

Sasa ilikuwaje mpaka Shinyanga ikaitwa jangwa? Si kwa ng'ombe mmoja mmoja wa Hardin. Enzi za mkoloni, kuanzia miaka ya 1920, watu walikusanywa kwa maelfu kufyeka mapori ili mbung'o akose pa kukaa. Shinyanga ndiyo yalikuwa makao ya utafiti wa mbung'o Tanganyika nzima. Ikaja pamba, ardhi iliyokuwa ya kulaza ng'ombe ikawa na bei. Baada ya uhuru utemi ukafutwa. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 70: kaya zikahamishwa zikakae pamoja, ngitili zikaachwa nyuma, na huko zilikohamia wakakuta maeneo ambayo hawajui nani alikuwa anayalinda wala kwa kanuni gani. Mlinzi kaondolewa, kanuni imevunjwa, kisha mtu anakuja na daftari anaandika kwamba wenyeji hawawezi kutunza mali ya pamoja!

Katikati ya miaka ya 80 Mwalimu Nyerere alipita Shinyanga akashtushwa na hali aliyoikuta. Mwaka 1986 ikaanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo baadaye ilipata msaada wa Norway na watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF. Mwanzoni ilikuwa habari ya vitalu na miche. Ila kilichogeuza sura ya mkoa ni pale ilipokubalika kwamba dawa ipo kwa wazee tayari: fungeni eneo, ondoeni ng'ombe, subirini. Chini ya vumbi lile visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Migunga ilichipua yenyewe.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004 mradi unakwisha, zilikuwa zaidi ya hekta laki tatu, kwenye vijiji zaidi ya 800. Nazungumzia Shinyanga ya zamani, kabla Maswa, Bariadi na Meatu hazijaenda Simiyu na Bukombe haijaenda Geita mwaka 2012. Tathmini iliyofanywa mradi ulipokuwa unakwisha ilikuta kwamba vitu vinavyotoka kwenye ngitili (kuni, nyasi za kuezeka, asali, dawa, matunda, malisho, maji) vina thamani ya takriban dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu.

Nani alilinda hizo hekta? Hakuna bwana misitu anayeweza kulinda hekta laki tatu kwa baiskeli. Karibuni tujadili.

#2 Kapuku Mtata

Uzi mrefu kama reli ya kati. Mkuu tupe muhtasari.

#3 Ng'wana Kishapu

Kapuku, huu nao unaliwa kipande kwa kipande. Leo soma nusu.

#4 Mtu wa Ziwa

Mkuu nimekusoma vizuri, lakini unatuchorea picha ya mbinguni. Mimi nipo kanda ya ziwa, upande wa uvuvi. Tuliletewa vikundi vya kusimamia mwalo, BMU, tukaambiwa ziwa ni lenu, lindeni wenyewe. Kilichotokea mwaloni kwetu: wajumbe wa kamati ni wenye mitumbwi au ndugu zao. Doria ikipangwa usiku, saa moja jioni wenye makokoro wanajua. Nyavu haramu zikikamatwa, kesho ziko majini tena. Mvuvi mdogo asiye na ndugu kwenye kamati ndiye anaonekana mhalifu.

Mwisho serikali ikaingia kwa nguvu, Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zikachomwa moto. Watu walilia, sikatai. Lakini wapo waliosema afadhali, maana sisi wenyewe tulishindwa. Sasa huyo mzee wako wa ngitili ana nini ambacho kamati yetu haina?

#5 Ng'wana Kishapu

Swali zuri, na sitakujibu kwa kusema Wasukuma ni watu safi. Wezi tunao.

Tofauti ya kwanza ni chanzo cha mamlaka. BMU yenu imeletwa na kanuni za uvuvi, fomu imetoka juu, majukumu yameandikwa juu, na nyie mmejaza majina tu. Ngitili inalindwa na watu walewale wanaoamua kesi nyingine za kijiji. Kuna dagashida, baraza la kimila linalokaa hadharani, chini ya mti, kila mwanaume na mwanamke anasikia. Mtu kaingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa, kesi inasikilizwa pale, mashahidi ni waliomwona, na faini inaitwa mchenya. Akikaidi, hakuna anayemwazima jembe wala anayekwenda kwenye shughuli yake. Ukiwa unaishi Kishapu, kutengwa na majirani msimu wa kulima ni adhabu nzito kuliko miezi sita ya mahakama ya mwanzo. Na sungusungu, walioanza miaka ya mwanzo ya 80 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, walishakuwa wanazunguka usiku hata hivyo. Kuongeza ngitili kwenye mzunguko wao hakukuwa na gharama.

Ya pili: ng'ombe anaonekana. Zizi la kila mtu linajulikana, alama zinajulikana, kwato zinaonyesha njia. Samaki wa ziwa anatembea nchi tatu. Usijilaumu sana kwa kushindwa kazi ambayo Kenya na Uganda nazo zinasumbuka nayo.

Kuna mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake kuzunguka kuuliza swali hili hili: kwa nini hapa wanaweza na pale wanashindwa? Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi. Alichokikuta, kwa ufupi wa kijiweni: panapodumu utakuta mipaka inajulikana, wanaotumia ndio wanaotunga kanuni, mlinzi anawajibika kwao, adhabu inaanza ndogo na kupanda, ugomvi unamalizwa karibu na kwa bei nafuu, na serikali haiwavunjii kanuni zao. Mfano aliokuwa akiutaja sana ni kijiji cha Törbel, milimani huko Uswisi. Tangu mwaka 1517 wana kanuni kwamba hakuna mtu kupeleka malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Yule ng'ombe mmoja wa ziada wa Hardin, wazee wa Törbel walishamfungia mlango miaka 450 kabla.

Wewe pima mwalo wako kwa vigezo hivyo. Naona mlinzi wenu anawajibika kwa mwenye mtumbwi.

#6 Bint Mkoani

Assalaam alaykum nyote. Kaka Ng'wana Kishapu, umenifurahisha, maana huku Pemba tuna ngitili ya baharini na mimi nilikuwa sijui kama bara mnayo ya nyasi.

Huku tunafunga miamba ya pweza. Kisiwa Panza ndio walioanza, na shehia nyengine zikafuata. Wazo lenyewe lilitokea Andavadoaka, Madagaska, ambako wavuvi wa Kivezo walifunga mwamba wao mwaka 2004 kwa miezi michache na walipoufungua wakakuta pweza wakubwa kuliko waliozowea. Pweza wa mwambani ana maisha mafupi, mwaka mmoja au na nusu hivi, lakini anakua mbiombio. Ukimuacha miezi mitatu, yule wa nusu kilo unamkuta ni pweza wa maana. Na jike anazaa mara moja tu katika umri wake, akishaangua anakufa. Ukimchokoa kabla hajataga umekula na wajukuu.

Utaratibu: kamati ya wavuvi ya shehia inakaa na sheha, inachaguliwa sehemu ya mwamba, si mwamba wote, maana watu lazima wale. Maboya yanatiwa, tarehe inatangazwa msikitini na madikoni. Miezi mitatu hapachokolewi. Kufungua kunapangiwa bamvua, maji yakikupwa sana, ili na sie wanawake tunaokwenda kwa miguu tupate, si wapigambizi tu. Siku hiyo wachuuzi wanakuwa ufukweni na mizani zao tangu asubuhi. Mnasimama pembeni mwa maji na vijiti vyenu, hamna anayetia mguu mpaka iruhusiwe. Ikiruhusiwa, weee! Hata mabibi wanakimbia.

#7 Kapuku Mtata

Dada, hapo kwenye kukimbia ndipo penye swali. Mnafunga miezi mitatu, halafu mnamaliza wote siku moja. Si ni yaleyale?

#8 Bint Mkoani

Si yaleyale, lakini umegusa kidonda. Kwa kilo, siku ile mtu anapata zaidi kuliko angechokoa vidogovidogo miezi mitatu, na bei ya pweza mkubwa ni nyengine. Tatizo ni watu wa nje. Habari ya kufungua ikienea, vyombo vinakuja kutoka mbali, watu ambao hawakuvumilia hata siku moja. Na wengine hawangoji kufunguliwa, wanakuja usiku na taa na miwani. Doria ni vijana wetu wenyewe, na mashine ya boti inataka mafuta.

Palipofanikiwa huku, kamati imekubaliana na shehia jirani mapema, wote wafunge msimu mmoja au mgeni alipie fungu la mfuko wa shehia. Mfuko huo ndio unaonunua mafuta ya doria, na mahala pengine umetia bati la madrasa. Hapo sasa hata asiyevua anakuwa mlinzi.

#9 Mdigo wa Kwale

Nimepita tu kutoka Kenya. Sisi Wamijikenda tuna kaya, misitu ambayo zamani ndiyo ilikuwa vijiji vyetu vyenye ngome, na watu walipohama ikabaki mahali pa wazee na maombi. Hukati mti, hutoi hata tawi kavu bila ruhusa. Mwaka 2008 UNESCO ilitia kaya kadhaa kwenye urithi wa dunia. Ukitoka Kwale kwenda Kilifi, utaona mahindi na minazi pande zote, halafu ghafla kisiwa cha msitu mnene kwenye kilima. Hicho ni kaya.

Lakini nawaambia ukweli, woga wa mizimu peke yake hautoshi tena. Hoteli za ufuo, wachimbaji wa mawe, na vijana wanaosema hayo ni mambo ya wazee. Kaya nyingi zilizosalimika ni zile ambazo, tangu miaka ya 90, zilitangazwa pia kwenye gazeti la serikali kama turathi chini ya Makavazi ya Taifa. Mila na sheria zikishikana mkono ndipo mwenye tingatinga anasita.

#10 Nyanjige wa Maswa

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Ng'wana Kishapu umeandika vizuri lakini umeahidi kurudi kwenye tofauti ya ngitili ya kaya na ya kijiji na hujarudi. Ngoja nirudi mimi, maana huwa wanaume mnaipita.

Hizo hekta laki tatu unazozisifia, karibu nusu ni za watu binafsi. Ilipojulikana kwamba ukifunga eneo linakuwa lako na HASHI inakuunga mkono, nani alikuwa na eneo kubwa la kufunga? Mwenye ng'ombe wengi na ukoo mkubwa. Sehemu iliyokuwa mbuga ya wote, ambapo mjane mwenye mbuzi wake wanne alikuwa anachungia baada ya mavuno, ikapata mwenyewe. Kiangazi akitaka nyasi anakodi. Akitaka kuni anaomba ruhusa. Zamani alikuwa anatembea tu.

Mimi nimekua kwenye nyumba isiyo na ngitili. Nawajua watoto waliokuwa wanatumwa kuchunga barabarani, kwenye ukingo wa lami, maana pande zote mbili kumefungwa. Mchenya ukimpata mwenye ng'ombe mia anatoa mmoja anasahau. Ukimpata mwenye wawili, umemaliza zizi.

Na hiyo dagashida yako ambayo "kila mwanaume na mwanamke anasikia". Kusikia tunasikia. Kusema je? Kanuni ya msimu gani pafungwe, nani aokote kuni siku zipi, imetungwa na banamhala, wazee wa kiume, ambao hawajawahi kubeba mzigo wa kuni kichwani. Sisemi ngitili ni mbaya. Nimeona maji yakirudi kwenye visima vya mchangani na mama yangu akiacha kupikia kinyesi cha ng'ombe. Nasema tu kwamba jangwa lilikuwa la wote, na kijani kilivyorudi kikawa na majina ya watu.

#11 Ng'wana Kishapu

Dada Nyanjige, marahaba, na asante. Hii komenti ina uzito kuliko posti yangu.

Hilo la nusu kuwa za binafsi ni kweli na linajulikana na watafiti. Na naona ndilo linalomjibu vizuri zaidi yule wa "wapewe wawekezaji". Kugawa mali ya pamoja kwa watu mmoja mmoja kunaweza kuokoa majani. Hakuokoi mwenye mbuzi wanne. Ngitili za vijiji na za shule ndizo zilizowahi kujenga madarasa, kununua madawati na kulipa walinzi, kwa kukodisha nyasi za kiangazi, na humo mjane ana haki yake bila kumpigia mtu magoti. Kwa hiyo vita vyangu mimi ni kulinda hizo, kabla nazo hazijapata majina.

Kuhusu mchenya kulingana na zizi, nimewahi kuona vijiji vinavyotoza kwa idadi ya mifugo iliyokamatwa ndani. Kidogo inapunguza, haimalizi. La wanawake kusema barazani sina cha kulitetea.

#12 Babati Kwetu

Ngoja nichangie mfano wa msitu ambao haukuwahi kugawanywa. Duru-Haitemba, hapa Babati. Kama hekta 9,000 za miombo, vijiji nane. Mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali iliamua kuuchukua uwe hifadhi yake. Wapima walipoanza kuweka mipaka, watu wakaongeza kasi ya kukata: kwa nini umwachie serikali mti ambao kesho utakamatwa nao? Yaani tishio la kuhifadhi ndilo lililoharakisha kumaliza.

Wazee wetu walikataa, na kwa bahati kulikuwa na maofisa waliokuwa tayari kusikiliza. Wakaulizwa: nyie mngeulindaje? Kila kijiji kikaandika kanuni zake, wapi pafungwe kabisa, wapi kuni ziokotwe, mkaa marufuku, nani awe mlinzi. Sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya katikati ya miaka ya 90, vijiji vikakabidhiwa msitu. Walinzi ni vijana wa kijiji, malipo yao yalikuwa kusamehewa kazi za maendeleo na fungu la faini. Walinzi wa serikali hawakuhitajika tena.

Sheria ya Misitu ya 2002, ile inayotambua hifadhi ya msitu ya kijiji, ilikuja baadaye ikikuta jambo limeshafanyika huku. Huwa napenda kuwakumbusha wataalamu wetu wa Dodoma mpangilio huo wa tarehe.

#13 Mzee wa Fursa

Mnajisifu na nyasi na pweza wakati dunia inakimbia. Ardhi ya kijiji iliyokaa tu "imefungwa" ni mtaji uliolala. Apewe mtu mwenye mtaji afuge kisasa, awaajiri hao vijana wenu wa doria. Hii ujamaa mliyonayo vichwani ndiyo imetufikisha hapa. Mali ya umma ni shamba la bibi, kila mtu anajua.

#14 Mtu wa Ziwa

Mzee wa Fursa, mimi ndiye niliyekuwa upande wako kwenye komenti ya nne, lakini hapa umezidisha. Eneo "limekaa tu" kwa macho ya anayepita na gari mwezi wa pili. Arudi mwezi wa tisa aone limelisha ng'ombe wa kijiji kizima. Na shamba la bibi linaibiwa kwa sababu bibi hayupo. Hawa wanaozungumza humu, bibi yupo na ana fimbo.

#15 Wakili wa Kijiweni

Niongeze kisheria, maana naona Mzee wa Fursa anadhani mwenyekiti wa kijiji anaweza tu kusaini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya pamoja, ya watu binafsi na kaya, na ya akiba. Ya pamoja haigawiwi mtu. Na hata ile inayoweza kugawiwa, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ya jumla ili apewe mwekezaji, kama haizidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini baada ya kupata mapendekezo ya mkutano mkuu.

Kwenye vitabu tuko vizuri kuliko nchi nyingi. Yanayoharibika yanaharibika hivi: mkutano hauitishwi miaka miwili, mihtasari inaandikwa ofisini, karatasi ya mahudhurio ya ugawaji wa vyandarua inabandikwa kwenye muhtasari wa ardhi. Nimeiona kwa macho yangu, saini za watu waliofuata chandarua zinageuka idhini ya ekari mia tatu. Sitaji wapi.

#16 Nyanjige wa Maswa

Wakili, hiyo ya vyandarua imenikata maini. Sasa tuambie la kufanya. Kijijini kwetu limebaki eneo moja la malisho ya wote, bondeni, udongo wa mbuga, na tayari wameanza kulima mpunga pembeni, kila mwaka mtaro unasogea hatua chache. Mtendaji anasema halina hati kwa hiyo hawezi kumzuia mtu.

#17 Wakili wa Kijiweni

Mtendaji anakwepa tu. Ila hati inasaidia kweli, kwa hiyo fanyeni hivi.

Kwanza ulizeni kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, ule wa sheria ya 2007. Kama mpango upo, eneo hilo huenda limeshaandikwa malisho na ramani imelala kwenye kabati. Mkiikuta, nusu ya kazi imekwisha. Kama haupo, ombeni wilaya, lakini msikae mkisubiri, maana bajeti ya upimaji inaweza kuchukua muda mrefu.

Wakati huo huo mtunge sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Andikeni mipaka kwa vitu vinavyoonekana: mti fulani, korongo, kona ya shule. Andikeni lini panafungwa na lini panafunguliwa, mifugo ya nani inaanza, faini kiasi gani na inakwenda wapi. Na dada, rasimu hiyo ikiandikwa, mwe mmekaa wanawake mle ndani, tena wa kutosha. Sheria inataka wanawake wasiopungua robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo viti mnavyo.

Kama bonde linatumika na kijiji jirani, msifunge peke yenu. Kiteto kuna vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilivyounganisha malisho yao wakayaita OLENGAPA, herufi za mwanzo za majina yao. Wakapanga matumizi kwa pamoja, wakaunda chama cha wafugaji na kupata hati za hakimiliki za kimila kwa kundi. Tafuta mtu wa huko akusimulie.

#18 Ng'wana Kishapu

Naongeza moja kwa Nyanjige: pigeni picha huo mtaro sasa, msimu huu, kabla ya mvua. Simama kwenye mti usiohamishika, piga kuelekea bondeni, andika tarehe. Mwakani piga tena hapohapo. Mtu wa mpunga akisema "mimi nimelima hapa tangu babu", mnazo picha mbili.

Na mkutano mkuu unatakiwa angalau kila miezi mitatu. Wa mwisho kwenu ulikuwa lini?

#19 Nyanjige wa Maswa

Kabla ya uchaguzi. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji, nikakuta umekwisha.

#20 Ng'wana Kishapu

Basi barua ya kuomba uitishwe iandikwe wiki hii, na nakala iende kata. Ukitaka mfano wa maandishi nitakutumia inboksi. Bint Mkoani, na wewe nakufuata huko, nataka kujua hilo fungu la mgeni mnalipangaje, maana sisi wageni wetu wanakuja na ng'ombe mia mbili.